Kituo cha nyuklia kikijengwa ziwani, nani atakikagua?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rarieda, kaunti ya Siaya, na baba yangu ni mvuvi. Katika baraza la juzi tulionyeshwa kwenye projekta jedwali la vituo vya nyuklia vya Marekani, karibu vyote vina viraka vya kijani. Tukaambiwa kila kituo hukaguliwa na kupewa rangi, kijani ni salama, kwa hiyo tusiwe na hofu. Mzee mmoja akauliza, "Anayepaka hiyo rangi ni nani?" Akajibiwa kwamba muda umeisha. Naomba utujibu wewe. Nani anaipaka, anaangalia nini, na kikijengwa kwetu tutajuaje kama anafanya kazi yake?

Jibu: Mwalimu, asante. Swali la mzee huyo limewasumbua wataalamu wa nyuklia kwa miaka mingi, na halikustahili kuzimwa na saa. Nitamjibu kupitia kwako, naomba umsomee.

Nianze na msumari. Kazi yangu ni usalama wa mionzi, na kwa miaka nimezunguka vyumba vya eksirei kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega. Siku moja nilikuwa kwenye hospitali fulani ya magharibi mwa Kenya. Kila anayefanya kazi na eksirei hupewa beji ndogo ya plastiki ya kuvaa kifuani. Inatunza alama ya mionzi iliyompitia, na baada ya muda hupelekwa maabara ikasomwe. Daftari la hospitali ile lilikuwa safi kuliko yote niliyoyaona mwaka huo. Sifuri, sifuri, karibu na sifuri, mwezi baada ya mwezi. Nilishatoa kalamu nisaini. Nikafunga mlango ili nijaribu taa ya onyo, na nyuma yake nikakuta msumari, beji tatu zimening'inia, zimeshika vumbi. Vijana wale hawakuwa wakificha kitu. Waliambiwa beji ikipotea wanakatwa mshahara, basi wakaziweka mahali ambapo hazitapotea. Maabara ilikuwa imesoma sawasawa kabisa: nyuma ya mlango hapakuwa na mionzi.

Kila ninapoonyeshwa jedwali la kijani, namkumbuka msumari yule. Sasa tuje kwenye hilo jedwali.

Anayelitoa ni Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani, NRC, na utaratibu wenyewe ulianza kutumika katika vituo vyote vya nchi hiyo mwaka 2000. Rangi ni nne: kijani, nyeupe, njano na nyekundu. Zinatoka sehemu mbili, na hapa ndipo mzee wenu alipogusa. Sehemu ya kwanza ni takwimu ambazo kampuni inayoendesha kituo hujipimia na kuzituma kila robo ya mwaka. Sehemu ya pili ni kasoro wanazozikuta wakaguzi wa serikali kwa macho yao. Kwa hiyo viraka vingine mlivyoviona vimepakwa na mwenye kituo mwenyewe. Wakaguzi hupitia takwimu zake kuona kama hajadanganya, lakini kalamu ya kwanza ni yake.

Chukua takwimu moja. Kinu cha nyuklia, yaani mtambo unaotoa joto la kuzalishia umeme, kikizimika ghafla bila kupangwa, tukio hilo huhesabiwa. Hesabu hufanywa kwa kila saa 7,000 za kinu kuwaka, ambazo ni karibu mwaka mzima wa kazi. Mpaka mara tatu ni kijani. Ikizidi tatu ni nyeupe, ikizidi sita ni njano, ikizidi 25 ni nyekundu. Kwa nini kuzimika kuhesabiwe wakati kuzima ndiyo usalama wenyewe? Kwa sababu kila kuzimika ghafla ni kama dereva wa matatu kukanyaga breki mpaka mwisho. Breki zikishika, shukuru Mungu. Akizikanyaga hivyo kila wiki, utataka kujua anaendeshaje.

Na hapa nataka tuangalie ziwa letu, kwa sababu jambo hili linawahusu moja kwa moja. Kinu kinahitaji maji mengi ya kupoza, ndiyo maana watu wanakitafutia mahali pwani au ziwani. Mwaka 2011 kituo cha Torness kule Scotland kililazimika kuzimwa kwa sababu viwavi vya baharini (jellyfish) vilijaa kwenye vichujio vya maji. Agosti 2025 vinu vinne vya Gravelines, Ufaransa, vilizimika kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyeumia, mitambo ilifanya ilivyotakiwa. Sasa niambie wewe uliyekulia huko: gugu maji likisukumwa na upepo likafunga mdomo wa Ghuba ya Winam usiku mmoja, boti zikashindwa kutoka, vichujio vya maji vitakuwaje? Na ziwa lenyewe lilipanda mwaka 2020 likaingia majumbani mwa watu. Mdhibiti anayejua kazi yake hatauliza mambo hayo baada ya kituo kujengwa. Atamtaka mwombaji wa leseni ayajibu kwa hesabu, na baba yako na wenzake wana kumbukumbu ambayo hakuna setilaiti itakayoileta.

Kinu kikishazimika, kazi haijaisha. Watu wengi hudhani ukizima kinu ni kama kuzima jiko la gesi. Hapana. Mafuta ya nyuklia huendelea kutoa joto. Mara tu baada ya kuzima, joto linalobaki ni kama asilimia 6 au 7 ya lile la kazi kamili. Kwa kituo cha megawati 1,000 hiyo si tambi ya mshumaa. Lazima pampu ziendelee kusukuma maji, na pampu zinataka umeme. Stima ya gridi ikikatika, jenereta za dizeli ziwake zenyewe, kwa sekunde chache tu. Mnakumbuka giza la Agosti 2023 lililofunika nchi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa gizani kwa sababu jenereta haikuwaka. Kila Mkenya ana hadithi ya jenereta iliyonunuliwa, ikapakwa rangi, ikafunikwa turubai, na siku ya haja ikakataa. Ndiyo maana mkaguzi wa nyuklia hutumia muda mwingi ajabu akisimama kando ya jenereta siku ya majaribio, anaangalia saa yake, ananusa mafuta, anauliza mbona vali hii imefungwa na daftari linasema iko wazi.

Kasoro ya namna hiyo ikipatikana, haipewi rangi kwa hasira ya mkaguzi. Huhesabiwa imeongeza kiasi gani uwezekano wa kiini cha kinu, pale yalipo mafuta ya nyuklia, kuharibika. Ikiwa imeongeza kwa chini ya mara moja katika miaka milioni moja, ni kijani. Ikiwa imeongeza kwa zaidi ya mara moja katika miaka 10,000, ni nyekundu. Mwaka 2011 kituo cha Browns Ferry huko Alabama kilipewa nyekundu kwa sababu ya vali moja tu ya mfumo wa dharura wa kupoza, iliyokutwa imeharibika ndani bila mtu kujua. Hakuna mionzi iliyovuja, hakuna mtu aliyeguswa. Nyekundu ilitolewa kwa sababu siku ya haja vali ile isingefunguka. Huo ndio udhibiti ninaoupenda: unaadhibu jambo ambalo halijatokea bado.

Rangi ikibadilika, na mdhibiti hubadilika. Kijani tupu, kampuni hujirekebisha yenyewe na ukaguzi wa kawaida unaendelea. Rangi zikiharibika, wakaguzi wa ziada wanatumwa, wakubwa wa kampuni wanaitwa, na mwisho wa ngazi ni amri ya kuzima.

Lakini mwalimu, lazima nikusimulie kuhusu Davis-Besse, maana hadithi hii haionyeshwi kwenye projekta. Ni kituo kilicho Ohio, kando ya Ziwa Erie, kati ya mashamba na fukwe za wavuvi. Mwanzoni mwa mwaka 2002 takwimu zake zote zilikuwa kijani. Machi mwaka huo mafundi waliokuwa wakitengeneza bomba juu ya kinu waliona bomba limelegea. Waliposafisha, wakakuta shimo. Maji ya kinu yana asidi ya boroni, na asidi ilikuwa imevuja kwenye ufa mdogo kwa miaka, ikala chuma cha kifuniko cha kinu chenye unene wa karibu sentimita 17 mpaka kikaisha. Kilichobaki ni tabaka la ndani la chuma kisichoshika kutu, chini ya sentimita moja, nalo lilikuwa limeanza kuvimba kwa shinikizo. Upande wa pili wa tabaka hilo palikuwa na maji ya moto yenye shinikizo karibu mara 150 ya hewa tunayovuta.

Dalili zilikuwepo. Vichujio vya hewa ndani ya jengo la kinu, ambavyo kwa kawaida hubadilishwa kama mara moja kwa mwezi, vilikuwa vikiziba kwa vumbi la kutu mpaka vikawa vinabadilishwa kila baada ya siku moja. Fundi anabadilisha, anaandika, anaondoka. Mwaka 2000 ilipigwa picha ya kifuniko cha kinu: michirizi myekundu ya kutu inashuka kama uji uliofurika kwenye sufuria. Hali ile iliandikwa kwenye ripoti ya ndani na kituo kikawashwa tena. Wakaguzi wa serikali waliokuwa pale pale kituoni nao hawakuifuatilia inavyotakiwa.

Sehemu inayoniuma zaidi ni hii. Mwaka 2001 NRC ilijua kwamba vinu vya aina hiyo vinaweza kupata nyufa kwenye mabomba ya kifuniko, ikataka vikaguliwe kabla ya tarehe 31 Desemba. Amri ya kukizima Davis-Besse iliandaliwa. Kampuni ikaomba muda, kuzima mapema kungeigharimu, na wakakubaliana kizimwe katikati ya Februari 2002. Baadaye mkaguzi mkuu wa NRC yenyewe aliandika kwamba uamuzi ule ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara. Kituo kilikaa kimezimwa mpaka Machi 2004. NRC iliitoza kampuni faini ya dola milioni 5.45, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 28 ili kumaliza kesi na serikali.

Hakuna aliyekufa. Tabaka lile jembamba lilishika. Lakini jedwali lilikuwa kijani siku zote chuma kilipokuwa kinaliwa.

Baada ya hapo utamwuliza mtaalamu, je, basi mfumo wa rangi hauna maana? Una maana. Mimi ningeutaka hapa nyumbani kesho. Unamzuia mdhibiti asiwe na upendeleo, unampa mwananchi kitu cha kusoma, na unaonyesha mwelekeo mapema. Ila thamani yake yote inategemea mtu anayefunga mlango akaona msumari, na kama ana uhuru wa kusema alichokiona. Kwa hiyo nitamjibu mzee wenu kwa kumwelezea mtu huyo.

Kila kituo cha Marekani kina angalau wakaguzi wawili wa serikali wanaokaa pale pale. Wana ofisi ndani ya kituo, na kampuni lazima iwape ofisi hiyo bila kodi. Wanaingia popote, saa yoyote. Kuna kanuni moja naipenda sana: ni marufuku kwa wafanyakazi kutangaziana kwamba mkaguzi amefika. Wewe ni mwalimu, unajua darasa linavyobadilika neno likipita kwamba afisa wa elimu yuko getini. Asubuhi wakaguzi hao huketi kwenye mkutano wa kazi wa kituo, husoma hati za hitilafu za usiku, kisha hutembea. Wanaangalia mlango wa moto umefungwa na nini, mafundi wanafuata karatasi ya kazi au wanafanya kwa mazoea, tone lile chini ya pampu limetoka wapi. Na hawaachwi mahali pamoja zaidi ya miaka saba, kwa sababu ukikaa sana na watu mnakuwa majirani, watoto wenu wanasoma pamoja, na kuandika kasoro ya jirani ni kazi nzito.

Jambo la pili kuhusu mtu huyo ni mshahara wake unatoka wapi na bosi wake ni nani. Kabla ya Machi 2011, shirika lililokagua vituo vya nyuklia Japani lilikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikiitangaza nyuklia. Mwezi huo tsunami ilisababisha ajali kwenye kituo cha Fukushima, na baadaye tume iliyoundwa na bunge la Japani ilisema wazi kwamba janga lile lilisababishwa na binadamu, na ikataja ukaribu mbaya kati ya serikali, mdhibiti na kampuni. Septemba 2012 mdhibiti mpya aliye huru akaanza kazi. Mkataba wa kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 ulikuwa tayari umesema kwamba mdhibiti atengwe na anayeendeleza nyuklia. Maneno yalikuwepo kwenye karatasi miaka 17 kabla ya tsunami.

Kwetu Kenya, kwenye karatasi tumeanza vizuri. NuPEA ndiyo wakala unaoendeleza mpango wa nyuklia. Ndio waliotaka kituo kijengwe Uyombo, Kilifi, ambako wananchi waliandamana mwaka 2024, na tangu 2025 jina la Siaya limekuwa midomoni. Mdhibiti ni mwingine kabisa: KNRA, Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya bodi ya zamani ya kinga ya mionzi. KNRA ndiyo inayotoa leseni za eksirei, mashine za kutibu saratani na vyanzo vya mionzi viwandani. Kwa hiyo aliyewaonyesha jedwali barazani, mwulize kwanza ametoka wapi. Anayekutangazia kituo hawezi kuwa ndiye anayekuhakikishia usalama wake, hata akiwa mtu mwema, na wengi wao ninawajua ni watu wema.

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye watu. Kukagua eksirei na kukagua kinu ni kama kukagua boda boda na kukagua ndege. Mkaguzi wa kinu anahitaji miaka ya mafunzo, sehemu yake kwenye vituo vya nje vinavyofanya kazi, kabla hajaweza kumwambia mhandisi mwenye uzoefu wa miaka 20 kwamba amekosea. Tuna vijana wazuri waliopitia Chuo Kikuu cha Nairobi na waliopelekwa kusoma Korea Kusini. Lakini kampuni ikija na mshahara mara tatu ya ule wa mdhibiti, watavuka barabara, na sitawalaumu. Na wanahitajika mapema, kabla ya zege la kwanza kumwagwa, kwa sababu zege likishafunika nondo hakuna jicho litakaloiona tena.

Sasa mtajuaje? Marekani ripoti za ukaguzi za kila kituo huwekwa wazi, isipokuwa habari za ulinzi. Kila mwaka kampuni huandikiwa barua ya tathmini ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na mdhibiti hukutana na wananchi karibu na kituo. Afrika Kusini iko karibu nasi zaidi. Kituo cha Koeberg, nje ya Cape Town, kimekuwa kikizalisha umeme tangu miaka ya 1980. Sheria yao ya mwaka 1999 inamlazimisha mwenye leseni aunde jukwaa la kuwapa wakazi wa jirani habari za usalama, na inaweka kiti cha mwakilishi wa jamii ndani ya bodi ya mdhibiti. Kiti hicho kina nguvu kiasi kwamba mwaka 2022 waziri alimwondoa aliyekikalia, mkosoaji wa nyuklia, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo. Ningependa sana kuona kiti kama hicho kimekaliwa na mvuvi wa Siaya anayejua kusoma ripoti, au na mwalimu.

Hamhitaji kusubiri zege. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 21 kujibu. Wakikataa, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman. Andikeni barua mbili, moja kwa NuPEA na nyingine kwa KNRA, zigongwe muhuri wa kupokelewa. NuPEA waulizeni ni vipimo gani vya ziwa vimechukuliwa upande wenu, vya kina cha maji na vya gugu maji, na kwa miaka mingapi. KNRA waulizeni wana wakaguzi wangapi waliofundishwa kazi ya kinu, kama watakaa Siaya usiku na mchana, na kama ripoti zao zitabandikwa ufukweni kwa Kiswahili na Dholuo. Usisahau kuuliza nani ana mamlaka ya kusaini amri ya kuzima, na kama kuna waziri anayeweza kuipindua.

Majibu yakija, nitumie nakala. Nitayasoma mstari kwa mstari nikuandikie ninachokiona, na mzee akitaka nimpigie simu tuongee Dholuo, ninaijua ya kutosha.